Wanaoshika Nyuma ya Pikipiki

Tulia, Kitui
11 Mei 2025

Susu wangu,

Wi museo, bibi yangu, u mzima? Na babu je, kifua kimeacha kumsumbua? Mimi sijambo, ila jua la Tulia limenikausha mpaka naota baridi ya huko kwenu. Nimepata chumba nyuma ya duka la Bwana Billow. Ni watu wazuri sana. Binti yao Rahmo yuko darasani kwangu, na kila asubuhi ananipita njiani mbio ili afike shuleni kabla ya mwalimu wake. Mama anawasalimu, anasema atakuja kuwaona akimaliza kupura pojo.

Sasa usishtuke kuona barua ya karatasi ukadhani kuna msiba. Mwalimu wetu wa saikolojia ya elimu pale chuoni ametupa kazi. Anasema mtu akisoma jinsi watu wanavyojifunza, halafu ashindwe kumweleza mtu wa kwao, basi yeye mwenyewe hajajifunza kitu. Kwa hivyo kila mwanafunzi aliyetumwa mazoezi ya kufundisha lazima amwandikie mtu mmoja wa nyumbani, kwa mkono, na huyo mtu ajibu. Wenzangu wamechagua kaka na dada. Mimi nimekuchagua wewe, kwa sababu ukiona upuzi utasema ni upuzi.

Naanza na rahisi. Kulikuwa na Mrusi mmoja aliyekuwa na mbwa. Kila akiwapa chakula, kwanza anapiga kengele. Baada ya muda akapiga kengele bila chakula, na mbwa wakadondokwa na mate vilevile. Ubongo ulikuwa umefunga hivyo vitu viwili pamoja. Ndivyo tunavyojifunza mambo mengi bila kujua kwamba tunajifunza, hata hofu, hata hamu ya chai.

Kufundisha kunaenda vizuri ajabu, Susu! Nina Gredi ya Nne, tuko kwenye sehemu za hesabu, nusu na robo. Nikisema, "Robo ni moja juu ya n—?" darasa zima linapaza, "NNE!" mpaka mabati yanatetemeka. Hakuna anayekosea. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia dirishani.

Niambie, wewe mara ya mwisho kujifunza kitu kipya ilikuwa lini?

Mjukuu wako mwenye chaki mpaka kwenye nyusi,
Mwongeli


Nunguni, Makueni
25 Mei 2025

Mwongeli mjukuu wangu,

Barua yako ililala kwenye duka la vifurushi siku kadhaa kwa sababu mwenye duka aliona jina langu akadhani ni ya mahakama. Sisi sote tu wazima. Mahindi yamependeza. Ng'ombe amezaa ndama mwenye baka jeupe usoni kama mtu aliyepakwa unga. Babu yako Jonah kifua kimepoa, na Jumapili alisoma tangazo la kanisa kwa sauti kubwa mpaka watoto wakalia.

Kuhusu huyo Mrusi, nimemjaribu. Sina mbwa, lakini nina babu yako. Kila chai ikiwa tayari niligonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Babu yako hakuambiwa kitu. Wiki ya pili ikaingia, na Mutie wa hapo ng'ambo akaja kutupigilia mabati yaliyolegea. Eh! Kila nyundo ikilia, babu yako anainuka barazani, anaingia jikoni, anaangalia meza, anarudi kukaa. Nyundo ikilia tena, huyo anakuja! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwishowe akaniuliza, "Kavata, leo niko na nini mimi?" Nikamwambia ni kiu tu. Kwa hivyo andika huko chuoni kwamba Mrusi alisema kweli.

Sasa lililo kubwa. Unalijua kundi letu la mwethya, lile la kulimiana mashamba kwa zamu. Mwaka jana avokado zetu zilioza pale kwenye kona kwa sababu Mulinge wa bodaboda alikuwa anakuja siku anayotaka yeye. Tukasema yatosha, tukachanga, tukanunua pikipiki yetu. Mpya! Nyekundu! Imeletwa mpaka mlangoni kwa mwenzetu Syokau, ikaingizwa jikoni, ikafunikwa leso. Na hapo ndipo imekaa. Hakuna mwanamke hata mmoja kati yetu anayejua kuiendesha. Kuku wa Syokau ametaga juu ya kiti.

Juzi mkutano umeamua. Mpaka sherehe ya kundi katikati ya Agosti, mmoja wetu awe ameweza kupeleka kreti ya avokado soko la Nunguni peke yake. Asipopatikana, pikipiki anapewa Mulinge aiendeshe, nasi tunarudi kukaa kwenye kona tukimngoja. Mulinge mwenyewe alikuwepo. Akasema, "Nyinyi mama zangu, hii si jembe. Nileteeni tu funguo." Watu wakacheka, hata wengine wetu.

Mwongeli, ulimi wangu uliniponyoka. Nikasimama nikasema, "Mimi nitajifunza." Wote wakanigeukia! Kama kanisani mtu akipiga chafya wakati wa maombi.

Nikuambie kwa nini. Baba yangu alikuwa na baiskeli. Kaka zangu wote walijifunza juu yake, na kazi yangu mimi ilikuwa kushika nyuma wasianguke. Nilikimbia nyuma ya hiyo baiskeli utoto wangu wote. Hakuna aliyewahi kushuka akaniambia, panda wewe. Sasa nina miaka sitini na mitatu na nataka kupanda. Nisaidie na huo usomi wako, na usimwambie mama yako, atakuja kuniombea.

Ni mimi Susu wako,
Kavata


Tulia, Kitui
1 Juni 2025

Susu wa pikipiki!

Nimesoma barua yako nimesimama dukani kwa Bwana Billow, nikapiga kelele mpaka akaniletea maji. Habari za huko? Ndama apewe jina Unga. Mama sijamwambia neno. Hapa mvua imekataa, lakini miembe ya jirani imetoa maua bila kuuliza msimu.

Haya, tufanye kazi. Ubongo unapojifunza kitu kigeni ni kama kiondo kidogo. Ukitia vitu vingi kwa wakati mmoja, vya kwanza vinamwagika. Mtu anayejua pikipiki hafikirii klachi, mkono wake unajua wenyewe. Wewe bado utafikiria kila kidole. Kwa hivyo usiwashe injini kwanza. Kaa juu yake ikiwa imezimwa, hapo jikoni kwa Syokau. Bonyeza klachi, achilia polepole. Ingiza gia, toa gia. Rudia mpaka mkono ufanye huku mdomo unapiga soga. Halafu ndipo uongeze jambo la pili.

Na kuna jambo lingine zuri kuliko yote tuliyosoma. Kuna vitu unavyoweza peke yako, na vitu usivyoweza hata ukisaidiwa. Katikati kuna ukanda mwembamba wa vitu unavyoweza mtu akikushika kidogo. Kujifunza kunatokea hapo katikati. Huo msaada mwalimu wetu anauita kiunzi, zile mbao fundi anazosimamisha nyumba ikijengwa. Tafuta watu wakushike.

Darasa langu ni moto, Susu. Wiki ijayo au inayofuata mkaguzi kutoka chuoni atakuja kunitazama. Sina wasiwasi hata kidogo. Nikisema "Nusu ni moja juu ya m—?" utasikia "BILI!" mpaka huko Nunguni.

Vaa suruali ndani ya leso, tafadhali.

Wako anayecheka peke yake,
Mwongeli


Nunguni, Makueni
15 Juni 2025

Mwongeli!

Salamu baadaye. NIMEENDESHA!

Basi, salamu: hatujambo, Unga ananyonya vizuri, babu yako amenunua kofia mpya ya kanisani, mahindi yamefika kifuani. Umetosheka? Sasa nisikilize.

Nilifanya ulivyosema. Siku nyingi nimekaa juu ya hiyo pikipiki jikoni kwa Syokau, yeye anasonga ugali, mimi naingiza gia. Kuku alikasirika, akahamia kwenye kapu. Mkono wangu sasa unabonyeza klachi hata nikiwa kanisani. Mchungaji akisema tusimame, mkono wa kushoto unabana Biblia.

Halafu tukaitoa. Nikawaambia wenzangu habari za kiunzi, kwamba nishikwe. Na unajua wanawake wa mwethya. Ukiwaambia shika, hawashiki kwa vidole. Sita walikuja! Mbinya mwenyekiti wetu na Syokau wakashika keria ya nyuma, wawili ubavu huu, wawili ubavu ule. Nikawasha. Ikanguruma, nikapiga kelele, wao wakapiga kelele, kisha Mbinya akaanzisha ule wimbo wetu wa kuchimba matuta, wakaitikia, nami nikaachilia klachi. Tukaondoka! Mwongeli, tulipanda kilima mpaka kanisani tukiimba, leso zinapepea, na sikuweka mguu chini hata mara moja. Wazee waliokuwa wanapaka kanisa rangi waliacha brashi zikaukie mkononi.

Sasa tunafanya hivyo karibu kila jioni. Tunapanda hadi kanisani, wananisimamisha, tunaizima, tunateremka tukiisukuma kwa miguu. Gia ya kwanza naijua, ya pili naijua. Mulinge alitupita juzi akasimama kutazama. Sikumsikia akicheka.

Kujifunza ni kutamu hivi na hamkuniambia miaka hii yote! Nikimaliza pikipiki nitataka kujua kinanda.

Susu wako, dereva,
Kavata


Tulia, Kitui
22 Juni 2025

Susu mpendwa,

Hongera, hongera, hongera. Nimemsomea Rahmo na mamake ile sehemu ya kuku, wamecheka sana. Mimi mzima, joto lile lile. Mwambie babu hongera ya kofia.

Mkaguzi alikuja. Ilienda tu. Tutaongea mengine siku nyingine.

Nina swali moja dogo, Susu. Hao sita, huwa wanaachilia lini?

Mjukuu wako,
Mwongeli


Nunguni, Makueni
20 Julai 2025

Mwongeli mjukuu wangu

Salamu. Usishangae mwandiko. Naandika na mkono wa kushoto. Ni mazoezi ya ubongo. Nimeona ni vizuri mtu wa rika langu ajifunze vitu vingi. Herufi K inanishinda inaangalia upande wa pili.

Barua yako ilichelewa au mimi ndiye nimechelewa. Hakuna jambo. Pikipiki imepumzika kidogo kwa sababu ya mavuno. Babu yako anapika siku hizi. Ugali wake unaweza kujengea kisima lakini tunakula. Yeye anagonga kifuniko na mimi naenda.

Niambie kuhusu mkaguzi maana wewe ukiandika mistari mitatu najua kuna kitu.

Susu Kavata

*Mwongeli, ni babu yako. Nimepewa barua hii niipeleke dukani, nimeifungua. Ameanguka. Alisoma ile barua yako, akaenda akawaambia waachilie, wakaachilia wote mara moja. Aliingia kwenye matete ya ng'ombe, mkono wa kulia ukateguka. Daktari alisema si kuvunjika. Hajapanda tena na sherehe inakaribia. Jioni anakaa akiangalia kwa Syokau. Usimwambie nimekuambia. Lakini mwambie kitu. Jonah.*


Tulia, Kitui
25 Julai 2025

Susu wangu,

Pole na mavuno. Hayo mavuno yanayomfanya mtu aandike kwa mkono wa kushoto nayafahamu, na matete nayo nayafahamu. Usimkasirikie mtu yeyote. Ile K yako imesema yote. Nimelia kidogo, halafu nikafikiria sura ya ng'ombe aliyekuona ukiingia kwenye chakula chake, nikacheka, kisha nikalia tena. Kosa lilikuwa kwenye barua yangu, sikumaliza kukueleza.

Ngoja kwanza nikupe ya mkaguzi, maana ni habari moja na yako.

Alikaa nyuma. Darasa likaimba. "Robo ni moja juu ya n—?" "NNE!" Mimi natabasamu, Susu, meno yote thelathini na mawili. Kipindi kilipokaribia kuisha, akainuka, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaniomba ruhusa awaulize swali moja. Akawaambia watoto, "Robo ya chapati ni ndi—?"

Darasa zima, kwa furaha, wakapasua hewa: "ZI!"

Ndizi! Hakuna aliyecheka ila mkaguzi, na alijaribu kukohoa. Kisha akamwita mmoja mmoja ubaoni. Kila mmoja alishika chaki akanigeukia mimi. Akaniandikia kwamba atarudi tarehe ishirini na nane mwezi huu, na nisipoonyesha mabadiliko nitarudia mazoezi mwaka ujao. Nilitaka ardhi inimeze. Baadaye nikamuuliza Rahmo kwa nini hawajui, na wakati wa kuimba wanajua. Akaniangalia kwa huruma. "Lakini teacher, wewe ndiye husema. Sisi tunamalizia tu."

Umeona, Susu? Nimekuwa nikikimbia nyuma yao muhula mzima nimeshika keria. Na Mbinya na Syokau wanakimbia nyuma yako vilevile, kwa sababu katika mwethya hakuna mtu anayeachwa alime peke yake. Ni desturi nzuri sana shambani. Lakini nyumba ikiisha, fundi huondoa mbao. Hatoi zote siku moja, ukuta utamwangukia. Anatoa ubao mmoja, anaangalia, anatoa mwingine.

Kwa hivyo nisikie vizuri. Mkono ukipona, wote sita washike kama kawaida. Mbinya aanzishe wimbo. Kila wimbo ukizunguka mara moja, mtu mmoja aachilie, asimame palepale njiani, aendelee kuimba kwa nguvu. Usigeuke kutazama. Kesho yake wa kwanza aachilie mapema zaidi. Na kabla mkono haujapona, mfundishe Syokau klachi jikoni. Ukimweleza mwenzako, utaona mahali ambapo wewe mwenyewe hukuelewa. Hilo nalo limechunguzwa na wasomi, silibuni.

Ulianguka kwa sababu uliachiliwa vibaya. Hujashindwa kujifunza. Tafadhali panda tena.

Wako, na mimi nimeanguka kwenye matete yangu,
Mwongeli


Tulia, Kitui
3 Agosti 2025

Susu,

Hii ni fupi maana gari la vifurushi linaondoka. Mkono unaendeleaje? Hapa shule zimefungwa na Bwana Billow ameniuzia sukari kwa tabasamu.

Mkaguzi alirudi. Nilienda na chapati halisi, nikawapa kwa makundi wakate robo. Halafu nikafanya jambo gumu kuliko yote niliyofanya maishani: nilinyamaza. Susu, kunyamaza mbele ya watoto wanaokosea kunachosha kuliko kulima! Kundi moja walikata vipande vitatu, wakabishana, wakakata tena. Mmoja alikula ushahidi. Nilijishika mdomo kwa mkono. Nikauliza swali zima, mpaka mwisho wa neno, halafu nikangoja. Nikangoja tena. Rahmo akainuka polepole akasema robo nne ndizo zinarudisha chapati nzima, na nusu ni robo mbili, na akauliza kama sasa anaweza kula yake.

Nimepita! Mkaguzi ameandika, "Amejifunza kungoja." Nimebusu karatasi.

Sherehe yenu ni tarehe kumi na sita. Sitaweza kufika, nina ripoti ya chuo. Niandikie siku hiyohiyo, hata iweje.

Mwongeli


Nunguni, sokoni
16 Agosti 2025

Mwongeli mjukuu wangu,

Umesema siku hiyohiyo, basi ndiyo hii, na mkono ndio wa kulia. Tazama hiyo K! Nimekaa hapa dukani kwa vifurushi, kwenye kiti cha mwenye duka, nimepewa soda. Pikipiki imeegemea ukuta. Mwenye duka amenipa kalamu na anajifanya hasomi begani kwangu. Babu yako nimemwacha nyumbani kwenye sherehe akiwa na ile kofia, na anadhani sijui nani alifungua barua yangu. Nilijua. Aliondoka nyumbani na bahasha iliyobandikwa upya kwa ugali wake.

Nilimfundisha Syokau klachi kama ulivyosema. Akaniuliza, "Kwa nini unaiachilia polepole?" Nikamwambia ni wewe uliyesema hivyo. Nilikuwa nafanya bila kujua! Tukakaa na hiyo pikipiki jikoni mpaka tukaelewa wote wawili, na ugali ukaungua.

Mkono ulipopona tulianza mambo ya wimbo. Wenzangu walikataa mwanzoni. Mbinya alisema, "Mimi nimwachilie Kavata mbele yangu aanguke tena? Siwezi." Nikamsomea barua yako. Akasema basi yeye atakuwa wa mwisho. Jioni ya kwanza alitoka mmoja tu. Kufika wiki hii walikuwa wanatoka watano, lakini Mbinya alikuwa haachilii. Alikimbia nami mpaka kanisani akihema kama ng'ombe. Kwa hivyo mpaka leo asubuhi nilikuwa sijawahi kwenda peke yangu, na watu wote wamekuja, mchungaji, wazee wa rangi, na bodaboda wa hapa wamejipanga. Mulinge alikuwa ametangulia sokoni angoje funguo.

Kreti ikafungwa nyuma. Nikafunga leso kiunoni. Nikawasha. Mbinya akaanzisha wimbo, tukaondoka. Mzunguko wa kwanza nikasikia mmoja amebaki. Wa pili, mwingine. Sikugeuka. Sauti zikawa zinabaki njiani moja moja, huko nyuma, huko chini, kila moja mahali pake, zote zinaimba. Tukapita kanisa. Nikasikia miguu ya Mbinya tu. Kisha sikuisikia. Mwongeli, nikasikia wimbo wake ukiwa mbali kama wa wengine, na hapo nikajua hakuna mkono mgongoni. Kaka zangu walikuwa wanajua hisia hii tangu wakiwa na miaka saba! Nililia na kucheka juu ya pikipiki, machozi yanaenda masikioni kwa upepo. Niliingiza gia ya tatu. Hatujawahi kufika gia ya tatu.

Barabara ya kwetu kuja Nunguni inapanda tu, unaijua. Nilipanda vizuri sana. Nikaliona soko. Nikaingia soko. Na katikati ya soko ndipo nikakumbuka kwamba sijui kusimama.

Usicheke! Wao ndio walikuwa wananisimamisha! Siku zote! Nawe katika barua zako zote za usomi hukuandika breki hata mara moja, nimezisoma zote tena hapa kichwani nikizunguka. Maana nilizunguka. Nilizunguka jengo la soko, wauza nyanya wakiinua vikapu, nikipiga kelele, "Breki ni gani? Breki ni gani?" Nikazunguka tena. Mzunguko wa pili nikaona mtu anakimbia kando yangu, viatu vimemtoka. Ni Mulinge! Anakimbia na mimi huku anapaza, "Mguu wa kulia, Susu! Kanyaga na mguu wa kulia! Polepole! Klachi! Eeh, hivyo! Hivyo hivyo!" Hakunishika. Alikuwa anaweza kunishika na hakunishika. Nikakanyaga. Ikasimama. Avokado chache ziliruka zikaenda kwa mtu wa vitunguu, akasema ni zawadi.

Soko lote likapiga makofi. Mulinge aliinama akishika magoti, anahema. Nikazima, nikachomoa funguo nikamwonyesha, nikazitia mfukoni. Akasema, "Susu, kesho nakufundisha kushuka kilima." Nikamwambia aje mapema, na asije siku anayotaka yeye.

Kwa hivyo nimekaa hapa nangoja, kwa sababu sijui kushuka na nyumbani ni chini. Ngoja. Mwenye duka anasema nisikilize.

Nasikia wimbo. Wanapanda barabara kwa miguu, wote sita, wananitafuta. Wanadhani nimepotelea Nairobi. Syokau ndiye yuko mbele, namwona, ameinua leso mpaka magotini, anakimbia hivyohivyo na nyonga yake inayomuuma. Huyo ndiye nitamwambia apande Jumatatu. Nitashika nyuma mimi. Hiyo kazi naijua tangu nikiwa mtoto, ila safari hii nitajua na siku ya kuachilia.

Lazima niende niwapokee. Njoo mwisho wa mwezi, nitakuchukua hapa dukani, uje na kofia ngumu.

Susu wako,
Kavata